Kenge Apimwa Domo

Niseme, nisiseme?
Sema bibi, tumekaa!
Na mwenye usingizi?
Akalale kwao!

Haya. Kwenye kisiwa cha mawe waliishi shakwe wengi, na kindege mmoja mdogo, Kitwitwi, miguu kama njiti. Mwaka huo kikaingia kikohozi, ho-ho-ho kila kiota. Ndipo Kenge akaja akiogelea, mkoba begani.

"Mimi daktari wa ndege. Pangeni foleni niwapime."

Wakapanga.

"Panua domo!" Aaa. "Kohoa!" Ho! Kisha anabonyeza kifua, bonyo-bonyo.

Akija mwembamba, anakohoa mpaka machozi, Kenge husema, "Mzima huyu, nenda zako." Akija mnono asiye na hata chafya, "Pole mama, unaumwa sana. Ingia pangoni, nakuletea dawa." Humfuata ndani, hutoka peke yake, anajilamba.

Kitwitwi akatega sikio pangoni. Kimya.

"Shakwe hata akifiwa hanyamazi," akajisemea. "Pango zima la shakwe, halina kelele?"

Na anayefuata kwenye foleni ni shoga yake Zuwena, mnono kama mto wa pamba.

"Shoga, toka hapo."

"Niache! Mtu anapimwa bure, unamwonea gere?"

Mbio Kitwitwi, twi-twi-twi, mpaka mbele ya Kenge.

"Shikamoo bwana daktari. Umewashika wagonjwa wote hao, wewe kakupima nani?"

Kenge akasita. "Mimi mzima."

"Hata wa pangoni walisema hivyohivyo. Panua domo!"

Akapanua. Aaa.

"Kohoa!"

Ho! Unyoya mweupe ukaruka, ukatua puani kwa Zuwena.

"Toa ulimi! Yarabi, umepasuka vipande viwili! Wamekuambukiza, baba!"

"Haiwezekani!" Kenge akalia. "Wanaokohoa niliwaacha, nimekula wazima watupu!"

Halafu foleni nzima, kwa-kwa-kwa! Midomo ikamshukia top-top-top, mpaka akajitupa baharini, chubwi! Mkoba kauacha.

Kauchukua nani? Kitwitwi. Siku hizi yeye ndiye anayepima. Mwembamba huambiwa, "Kapumzike." Mnono huambiwa, "Unaumwa sana, kalete dagaa." Zuwena dagaa anapeleka, ila pangoni haingii.

Hapo nimeitua, mwenye nguvu aibebe.

Na funzo lake, wajukuu zangu: daktari akisema panua domo, panua upesi, usiulize. Kenge alipanua, na kikohozi hakijampata mpaka leo.