Jogoo wa Zefania

Sadaka iliyowika imekwisha lipwa.

Ndivyo wasemavyo watu wa milima ya Upare, na ndivyo alivyowaambia Mama Mchungaji asubuhi ya leo, vijana wangu, mlipokuwa mkibishana ni nani atakayepigwa picha wakati wa kuwakabidhi wagonjwa sabuni na unga. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza: sadaka huwikaje? Ina mdomo? Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika usharika wa Kirondeni alikuwapo mkulima mmoja wa tangawizi, jina lake Zefania Mrutu. Hakuwa mtu mbaya. Hakumdhulumu jirani, hakukosa ibada, na mkewe Naetwe hakuwahi kulala njaa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja mdogo: alipenda kutazamwa. Akichangia msiba, alibaki amesimama mpaka ahakikishe jina lake limetajwa. Akiomba hadharani, aliomba kwa sauti ya kuvuka bonde.

Ugonjwa huo ulizidi tangu Sikukuu ya Mavuno moja, pale jirani yake, Elinihaki Msofe, alipoleta kanisani ndama dume mweupe. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Zefania, aliyekuwa ameleta kikapu cha maharage, alirudi nyumbani amekunja uso kama mtu aliyetafuna ndimu.

"Mwakani wataniona," alimwambia Naetwe.

"Wakuone akina nani?" mkewe akauliza.

Zefania akatoka nje. Wakati ule ule akaanza kumlea jogoo.

Alikuwa jogoo mwekundu, mrefu, mwenye upanga mzito wa kichwani ulioanguka upande mmoja wa uso kama kofia ya askari. Zefania alimlisha mahindi kwa mkono wake. Ikatokea kwamba siku za baridi Zefania alishikwa na kikohozi, na kila alipokuja na mahindi alikuwa akikohoa. Jogoo akajifunza. Akisikia kikohozi, alijua chakula kimefika, akanyoosha shingo na kuwika kwa furaha. Siku moja Zefania alikohoa bila kuleta mahindi, na jogoo akawika vile vile, kukorikoo, mpaka majogoo wa ng'ambo ya bonde wakaitikia.

Zefania akasimama palepale, akatabasamu. Mpango ulikuwa umemjia wenyewe. Siku ya sikukuu angemweka jogoo mbele ya madhabahu pamoja na matoleo ya wengine. Kisha, katikati ya ukimya, angekohoa kidogo tu, kama mtu mstaarabu. Jogoo angewika. Usharika mzima ungegeuka na kuuliza: jogoo huyu mzuri ni wa nani?

Akaendelea kumfundisha kwa bidii. Naetwe alimsikia mumewe akikohoa nyuma ya nyumba kila jioni, akamchemshia maji ya tangawizi, akashangaa kikohozi gani hiki kisichopona.

Mwaka ule masika yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha mpaka mlima ukachoka kuibeba. Alfajiri moja ulimeguka, ukaangukia boma la Elinihaki. Watu walitoka wazima, Mungu asifiwe, lakini nyumba, ng'ombe na ghala la mbegu vyote vilizikwa. Elinihaki na familia yake wakahamia kwa wakwe zake, mlima wa pili. Mchungaji Kajiru akatangaza kwamba mavuno ya mwaka huo yangekwenda kwa waliopatwa na maporomoko.

Zefania aliposikia hayo alimwonea jirani yake huruma. Lakini, tusifichane, katika kona moja ya moyo wake palikuwa na sauti ndogo ikisema: mwaka huu Elinihaki hana ndama.

Siku ikafika. Ilikuwa Julai, ukungu umelala juu ya paa la kanisa, na baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Watu walijaa. Mbele ya madhabahu palikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, viazi, mayai kwenye vikapu, na katikati, ndani ya tenga jipya, jogoo mwekundu. Elinihaki na mkewe waliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama wageni.

Sasa, kuna jambo ambalo Zefania hakulifikiria. Mwezi wa Julai, milimani, nani hana kikohozi?

Mchungaji Kajiru alipanda mbele, akafungua kinywa kusalimu, akasafisha koo.

"Kukorikoo!" jogoo akaitikia.

Watu wakatabasamu. Mchungaji naye akatabasamu, akasalimu, akawaalika kuomba. Vichwa vikainama. Ukimya ukatanda. Bibi mmoja katika safu ya akina mama akakohoa.

"Kukorikoo!"

Mzee mmoja akajibana asicheke, kicheko kikageuka kikohozi.

"Kukorikoo! Kukorikoo!"

Watoto wa shule ya Jumapili ndio waliogundua siri. Mmoja alikohoa makusudi, jogoo akawika. Akakohoa mwenzake. Muda si muda benchi zima la watoto lilikuwa mahututi. Kwaya ikasimama kuimba, waimbaji wa sauti nzito wakashindwa hata kuanza, mabega yao yakitikisika. Mchungaji Kajiru alijaribu kuhubiri bila kusafisha koo, sauti yake ikawa kama ya chura aliyekanyagwa. Hatimaye akafunga vitabu vyake, akashika mimbari kwa mikono miwili, akauliza:

"Ndugu zangu, jogoo huyu ni wa nani?"

Ndilo swali ambalo Zefania alikuwa ameliota mwaka mzima. Na lilipoulizwa, alitamani sakafu ifunguke. Akasimama taratibu.

"Ni wangu, Mchungaji."

"Mungu akubariki, Mzee Mrutu. Tafadhali mtoe nje, akamsifu Bwana huko majanini."

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Zefania alibeba tenga, akaanza kutembea katikati ya mabenchi, uso ukiwaka kama jiko. Njia ile haikuwa ndefu, lakini siku ile haikuisha. Alipofika benchi la nyuma alimwona Elinihaki. Alikuwa ameegemea ukuta, machozi yakimchuruzika, anacheka kama mtoto. Mkewe pia alikuwa ameficha uso ndani ya khanga, anacheka.

Baada ya ibada Elinihaki alimfuata nje, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ndugu yangu Zefania," alisema, "tangu mlima ulipotuangukia, nyumbani kwangu hakuna aliyecheka. Leo mama watoto amecheka mpaka ameshika mbavu. Umetupa zawadi kubwa. Mungu akukumbuke."

Zefania akainamisha macho kwenye tenga.

Jogoo aliuzwa mnadani kwa vishindo, maana kila mtu alitaka kumnunua jogoo mwimbaji. Kwa majuma kadhaa jina la Zefania lilikuwa katika kila mdomo. Sokoni walimwita Baba Jogoo. Watoto wakimwona njiani walikohoa, kisha wakakimbia. Hapakuwa na mtu mlimani asiyemjua. Alikuwa amepata alichokitafuta, tena kwa kipimo cha kumwagika.

Lakini usingizi wake haukuwa mtamu, wala sala yake haikuwa nyepesi. Kila alipofumba macho kuomba aliona mikono ya Elinihaki ikiushika mkono wake. Asubuhi moja, wakiwa wanapalilia, aliliacha jembe, akaketi chini.

"Mama Mbazi," alimwambia mkewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Nimetoa jogoo bora kuliko wote. Mbona moyo wangu ni mkavu kama ganda la mgomba?"

Naetwe aliendelea kupalilia.

"Ulimpa nani?" akauliza.

"Nilimpa Mungu, bila shaka."

"Baba Mbazi, kile kikohozi cha nyuma ya nyumba, ulikuwa unamkoholea Mungu?"

Zefania akashtuka. "Kumbe ulijua?"

"Nilikuchemshia tangawizi mpaka sufuria ikatoboka, na kikohozi kilikuwa kinakujia unapokwenda kwa jogoo tu. Ningekosaje kujua?" Akacheka, si kicheko cha kumdhihaki; alikuwa mwanamke aliyempenda mumewe. "Ulikuwa unamkoholea nani?"

Zefania alichimba udongo kwa kidole. "Elinihaki," akasema mwishowe. "Nilitaka anione. Nilitaka ajue kwamba mwaka huu mimi ndiye mkubwa. Naye akanishika mkono, akanishukuru! Heri angenipiga kofi."

"Basi mbona unadai tena?" Naetwe alisema kwa upole. "Ulitaka macho ya watu, umepewa yote, hata ya watoto wachanga. Sadaka iliyowika imekwisha lipwa, mume wangu. Huna chako kilichobaki mbinguni kwa ajili ya jogoo yule."

"Sasa nifanyeje?"

"Mikono unayo. Mungu hajafunga mlango."

Zefania akainuka. Akachukua jembe, akapalilia mpaka mwisho wa mstari.

Vuli ilipokaribia, watu walianza kupanda tangawizi. Shamba la Elinihaki, lile la karibu na kijito, halikufikiwa na maporomoko, lakini lilikuwa limesimama bila kulimwa. Mwenyewe alikuwa mlima wa pili, akija Jumamosi tu kujenga upya nyumba yake, na mbegu zake zilikuwa chini ya udongo pamoja na ghala. Bila kupanda vuli ile, mwaka uliofuata wangekula kwa wakwe tena.

Siku ya Jumatatu, jua lilipochomoza, Zefania alifungua ghala lake. Hakuchagua mbegu zilizosinyaa. Alichukua zile nono, zenye macho yaliyoanza kuchipua, alizokuwa amezitenga kwa shamba lake mwenyewe. Naetwe alimwona akijitwisha gunia, hakuuliza anakwenda wapi. Alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, basi.

Alilima juma lile lote. Alipiga matuta, akapanda, akafunika kwa majani makavu ya mgomba ili udongo usikauke. Mgongo ulimuuma, viganja vikatoka malengelenge. Ijumaa mchana alifukia kipande cha mwisho, akasimama wima, na kwa mazoea tu akageuza shingo kutazama nani anamwona.

Hapakuwa na mtu. Kijito kilikuwa kinapita, na nyuki wawili watatu walikuwa kwenye maua ya maboga.

Ndipo kikamjia kitu ambacho hakuwa amekionja tangu utoto wake. Kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, na alipofungua mdomo kilitoka kicheko. Alicheka peke yake katikati ya matuta. Akajaribu kuomba, sala ikamponyoka kama maji, maneno yote yakawa "asante, asante." Alirudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima, hata akasahau kwamba amechoka. Naetwe alipomwona anaingia uani alimtazama usoni, akampa maji ya kunywa, akasema tu, "Karibu, Baba Mbazi. Leo umerudi kweli."

Jumapili iliyofuata Elinihaki alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Nilikuja jana kujenga," alisema. "Shamba langu limelimwa. Limepandwa lote. Sijui ni nani, lakini Mungu anamjua. Mimi na wanangu tutakula kwetu mwakani."

Makofi yakalipuka, vigelegele vikafuata. Watu wakageuka huku na huku wakitafuta ni nani. Zefania alihisi koo linamwasha kuliko siku zote za maisha yake. Naetwe akamkanyaga mguu. Naye akainamia viatu vyake, akameza mate, na ile furaha ya kwenye matuta ikarudi, mara hii kubwa zaidi.

Miaka ikapita. Tangawizi ikamrudishia Elinihaki nyumba, na baadaye ng'ombe. Watu hao wawili walizeeka wakiwa marafiki, wakitembeleana kila Jumapili, wakibishana kuhusu mvua. Zefania hakusema neno. Elinihaki hakuuliza.

Zefania alifariki akiwa mzee aliyeshiba siku, wajukuu wamemzunguka. Siku ya matanga watu walikaa uani, wakakumbushana habari za jogoo, wakacheka mpaka wafiwa nao wakacheka. Naetwe, akijifuta machozi ya aina zote mbili, akasema, "Leo nitawaambia na jambo lingine." Akawasimulia aliyomwambia mumewe kondeni, kisha habari za juma lile la vuli.

Watu wakamtazama Elinihaki, mzee sasa, na mkongojo wake mapajani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?" Naetwe akashangaa. "Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ile, shemeji. Alisahau jembe lake kwenye matuta. Mpini ulikuwa umepasuka, amefunga kwa waya. Nani hapa mlimani hakulijua jembe la Zefania? Nilikuja kuliegemeza kwenye mgomba wenu, nikaenda zangu."

"Miaka yote hiyo!" kijana mmoja akasema. "Mzee, mbona hukumshukuru?"

Elinihaki akatikisa kichwa. "Mwanangu, ningemshukuru ningemlipa. Yeye alikuwa amenyamaza. Mimi ni nani niwike kwa niaba yake? Nilimshukuru Mungu kila siku, yeye nikamwacha na hazina yake." Akatabasamu. "Leo nimesema kwa sababu amekwenda mahali ambapo mimi siwezi tena kumpunja. Huko ndiko anakoipokea, nzima nzima."

Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa mavuno, wengine wakaitikia, na msiba ule ukamalizika kama arusi.

Tangu siku hiyo maneno ya Naetwe yakatoka uani pale, yakashuka mlima, yakafika hadi kwenu. Basi nendeni kwa wagonjwa, vijana wangu, mpeleke sabuni na unga, na mchekeshane nao vizuri. Na mkono ukianza kuitafuta simu mfukoni, kumbukeni: sadaka iliyowika imekwisha lipwa.