Kichwa cha Fundi Necdet

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kwa maneno hayo wahenga walimkumbusha mjuzi kwamba ujuzi wake umekusudiwa kuwafaa wengine. Zamu yake ikifika, hana budi kuinamisha kichwa mbele ya mkono wa mwenzake. Wapo wanaobisha. Necdet, kinyozi wa mtaa wa Üsküdar, alibisha kuliko wote, tena alibisha kwa kichwa chake mwenyewe.

Mtaani kwao hakuna aliyekuwa na mikono kama ya Necdet. Akishamaliza kunyoa, alimimina manukato ya ndimu viganjani, akamshika mteja kwenye panja, akamkanda utosi, akamkanda kisogo, kisha akalipigapiga fuvu kwa ngumi laini kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Mteja aliyeingia na kichwa kinachogonga alitoka akitafuta mahali pa kulala. Necdet alipenda kusema kwamba nywele hunywa damu, na kwamba yeye ndiye mchota maji wake. Watu walimwamini. Shida ilikuwa moja tu: yeye mwenyewe alikuwa na kipara kilichong'aa kuliko kioo cha duka lake.

Ng'ambo ya barabara lilikuwako duka la Sabri. Wawili hao walifunzwa kazi na fundi mmoja, wakala sahani moja, na kila Ijumaa walikuwa wakinyoana, leo wewe kesho mimi. Siku moja duka la Necdet likiwa limejaa, na Necdet akiendelea kuwahubiria wateja habari za damu na nywele, Sabri aliyekuwa amekuja kunywa chai alitupa ule msemo wa kwao: mwenye kipara angekuwa na dawa, angejipaka mwenyewe. Duka zima lilicheka. Hata mzee mmoja aliyekuwa na povu mdomoni alicheka mpaka akalimeza. Necdet hakucheka. Tangu siku hiyo walisusiana, na Necdet akawa anajinyoa ndevu mwenyewe. Haikupita wiki bila kipande cha karatasi kubandikwa kidevuni kuzuia damu.

Lakini dhihaka ile ilimkaa rohoni kama mwiba, hasa kwa kuwa alikuwa amemchumbia Mübeccel, mshonaji wa mapazia, na arusi ilipangwa mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani. Mübeccel alimwambia waziwazi kwamba kipara chake amekizoea na kwamba yeye haolewi na nywele. Necdet hakusikia. Aliapa kwamba siku ya kunyolewa bwana arusi, mbele ya ngoma na zumari na wanaume wote wa mtaa, Sabri akiwamo, atakaa kitini akiwa na nywele za kuchana.

Basi wakati wa baridi akavuka mlango wa bahari unaoligawa jiji, akaenda ng'ambo ya pili, kwenye zahanati moja ya kupandikiza nywele. Daktari alimchunguza kisogo, akamweleza bila kuficha: shamba la mbegu ni dogo. Nywele za kisogoni zinatosha mara hii moja tu. Miche ikiharibika, hakuna ya kurudia. Necdet akakubali. Wakang'oa mche mmoja mmoja nyuma, wakaupanda mbele, kutwa nzima, mpaka shingo ikamkakamaa.

Kabla hajaondoka, muuguzi aitwaye Gülten alimkalisha chini akampa masharti. Alale kichwa kikiwa juu. Anywe maji mengi. Sigara aiage, kwa maana sigara huibana mishipa, na miche mipya huishi kwa damu. Atembee kila siku, mwendo wa pole, ili damu izunguke. Kichwani asiguse mpaka miche ishike, na hata ikishashika, asubiri aambiwe lini aanze kukandwa.

Necdet alikuwa akitabasamu muda wote, kama mwalimu anayesomewa alfabeti na mtoto. Gülten aliliona tabasamu lile.

"Fundi," akamwambia, "nimesikia mikono yako ni dhahabu. Basi dhahabu huwekwa kabatini. Usiitoe."

Necdet akajibu kwamba hewala, amesikia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku za kwanza alivumilia. Jijini humo, penye zahanati tele za kupandikiza nywele, watu waliofungwa bendeji kichwani ni wengi kama njiwa wa msikitini, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Lakini ilipofika siku ya tano, ngozi ya utosi ilikuwa imekaza kama ngoma, imekufa ganzi, imejaa vigaga, tena inawasha. Necdet alisimama mbele ya kioo cha msalani akajiambia kwamba damu imelala. Miaka yote hii amewaamshia watu damu; hivi ashindwe kuamsha yake? Hao wauguzi wameshika vichwa vingapi, na yeye ameshika vingapi? Akapaka mafuta vidoleni, akainua mikono, akaanza kukanda kama alivyozoea, panja kwanza, kisha juu. Ngozi ikapata joto. Akafurahi. Akaongeza nguvu.

Alipoishusha mikono, ncha za vidole zilikuwa na damu, na katikati ya damu ile kulikuwa na vijinywele vyenye mizizi yake, kama punje za ufuta zilizoota mkia. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Alijua fika kwamba kile alichokishika kilikuwa ni mbegu, na shamba la mbegu lilikuwa lile moja.

Alimpigia simu Mübeccel, si Gülten, kwa sababu aibu ilimkaba. Mübeccel hakumkaripia. Alimwagiza ashikilie kitambaa safi bila kusugua, kisha akaja akamchukua mpaka zahanati. Huko Gülten alimulika taa, akatazama kwa muda mrefu, akauliza nani amemkanda. Necdet akasema ni yeye mwenyewe. Muuguzi akashusha pumzi. Akamweleza kwamba pembe ya kushoto, juu ya panja, imekwenda na haitarudi. Sehemu nyingine imepona kwa bahati, na ikiguswa tena vilevile, itakwenda nayo.

"Damu haiitwi kwa ngumi, fundi," alisema. "Huitwa kwa miguu, kwa maji na kwa subira. Wewe umeng'oa ulichokuja kupanda."

Tangu hapo Necdet akanywea. Kila alasiri, akifunga duka, yeye na Mübeccel walitembea ufukweni taratibu, wakila simiti, ile mikate ya duara yenye ufuta, na kuwarushia shakwe makombo. Pakiti ya sigara alimkabidhi Mübeccel, naye akaitupa pipani bila kuuliza. Vigaga vikaoshwa vikatoka. Ngozi ikawa ya waridi, nywele fupi zikasimama juu yake, na Necdet akaanza tena kujitazama kioo kwa kiburi kidogo.

Kisha nywele zikaanza kukatika. Asubuhi moja aliziona kwenye mto, siku ya pili nyingi zaidi, na baada ya majuma machache kipara kilikuwa kimerudi kama mpangaji aliyesahau koti. Gülten alikuwa amekwisha mweleza mapema kwamba nywele zile hudondoka na mizizi hubaki chini, ikipumzika. Lakini aliye majini ndiye ajuaye baridi. Maji yalimfika Necdet shingoni. Jioni moja Mübeccel alimkuta nyuma ya duka anaponda vitunguu saumu kwenye kinu, dawa ya kienyeji ya kupaka upara, machozi yakimtoka kwa harufu na kwa mengine. Mübeccel akauchukua mchi mkononi mwake.

"Hivi vitaingia kwenye mtindi wetu wa usiku," akasema. "Kichwani haviingii. Unataka kuibabua ngozi kabisa?"

"Nifanye nini basi? Nikae tu?"

"Ndiyo. Ukae, ufanyiwe."

Juma lile zahanati ilikuwa imeshamruhusu kukandwa, kwa ncha laini za vidole, kuisogeza ngozi tu bila kuisugua, ili ilegee na damu ipite vizuri. Gülten alikuwa ameonya kwamba huo si uchawi wa kuotesha nywele, ni kusaidia tu. Na kwamba asijikande mwenyewe, maana ameshaonekana. Mübeccel alijaribu, lakini vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sindano na yeye mwenyewe aliogopa. Basi akajifunga kitambaa chake, akavuka barabara, akaingia kwa Sabri. Hakumtaka Necdet ushauri. Angemtaka, asingeruhusiwa.

Sabri alikuja na taulo begani. Necdet alipomwona mlangoni alitaka kuinuka, lakini Mübeccel alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono yake yote miwili mabegani pake. Hakuna aliyesalimia. Sabri alinawa mikono, akaipasha moto, akaanza.

"Hii pembe ya kushoto imekuwaje?" Sabri akauliza.

Necdet akajibu. "Nilijikanda. Siku ya tano."

Alingoja kicheko. Sabri hakucheka. Alisogeza vidole vyake mbali kidogo na ile pembe, akaendelea polepole.

"Wewe ukijigusa unatafuta nywele," akasema hatimaye. "Mimi nagusa ngozi tu. Tulia, kaka. Na ule utani wangu wa siku ile ulikuwa mbaya. Nilitaka kuja kukuambia, nikaona haya."

Ijumaa iliyofuata Necdet ndiye aliyetangulia kuweka birika la chai jikoni, na akaweka gilasi mbili.

Wakaendelea hivyo, kila Ijumaa, kama zamani. Majira ya kuchipua yalipoingia, Sabri alisimama ghafla katikati ya kukanda, akarudisha kidole alikokitoa. Akasema kuna kitu kinachoma. Necdet akataka kupeleka mkono, Sabri akamchapa kofi la vidole. Akaita Mübeccel aje na taa. Nywele zilikuwa zimetokeza, nyembamba kama manyoya ya kifaranga, safu kwa safu. Kiangazi kilipokwisha, zilikuwa za kuchana.

Siku ya kunyolewa bwana arusi ikawadia. Kiti kilitolewa nje barabarani, ngoma na zumari zikachachamaa, wanaume wa mtaa wakazunguka wakipiga makofi. Kwa desturi ya huko, katikati ya kunyoa wembe hugoma: kinyozi huuinua juu akatangaza kwamba haukati, na hautakata mpaka atiwe kitu mfukoni. Sabri akaunyoa upande mmoja wa uso wa Necdet, kisha akainua wembe.

"Jamani, wembe haukati."

Noti zikaanza kumiminika mfukoni mwake. Sabri akazitoa, akamrudishia kila mtu yake. Watu wakashangaa, ngoma ikanyamaza.

"Wembe huu leo hautaki noti," akasema. "Unataka neno la bwana arusi."

Necdet alikuwa na povu shavu moja. Alijua neno lililotakiwa, na alijua duka zima lililomcheka siku ile lilikuwa limesimama pale, hata yule mzee wa povu. Akainua kidole, akaonyesha pembe ya kushoto juu ya panja, tupu, sawa na ukubwa wa jani la mnanaa, ambayo angeweza kuifunika kwa kitana na asubuhi ile hakuifunika.

"Hapa nilijitibu mwenyewe," akasema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa barabara. Kisha akaupitisha mkono hewani juu ya nywele zake nyeusi, bila kuzigusa. "Na hapa pote nilitibiwa na wenzangu."

Mübeccel, aliyekuwa dirishani juu ya duka la mapazia, alificha uso kwa kitambaa. Sabri akamwinamisha rafiki yake kichwa kwa kidole kimoja, naye akainama. Wembe ukakata, safari hii bila tone la damu. Kinyozi hajinyoi.