Chupa ya Karisa

Jirani yetu Mbodze hushikilia kwamba ule msemo, "Tamu jina lake chungu kidogo," ulitungwa na walevi mangweni, vilabuni mwa pombe ya mnazi. Ati mmoja alionja mnazi uliolala, akasema hivyo. Bibi Nyevu hakubali. Wajukuu walipomuuliza, huku wakikuna nazi, aliwaambia ulianzia nyumbani kwao, kwa dada yake Kadzo.

Kadzo alikuwa mpishi wa Waitaliano mjini Malindi. Mchumba wake, Karisa, alikwenda Italia kutafuta kazi, akaahidi mwaka mmoja. Ikawa minne. Kila Ijumaa Kadzo alipita posta kwanza, ndipo aende kwao.

Mwaka wa tano Karisa alimtuma rafiki yake na chupa ya pombe ya huko, pamoja na ombi la kuoa. Kwa Wagiriama mposaji huleta mnazi, na baba hanywi mpaka binti mwenyewe akubali. Lakini Karisa, huko aliko, mnazi angeugema wapi?

Wazee wakaizunguka ile chupa.

"Hii ni pombe au dawa ya kikohozi?" akauliza Kazungu, baba mdogo wa Kadzo.

"Pombe ya lozi, baba," Kadzo akasema. "Kazini naitia kwenye keki. Ni tamu. Inaitwa amareto, maana yake chungu kidogo."

"Tamu yaitwaje chungu?"

"Lozi zenyewe zina uchungu. Sukari inaufunika tu, haiuondoi. Ukishameza ndipo unapouonja."

"Basi mkwe huyu ni mkweli," Kazungu akasema. "Mimi kwa binti yangu nililetewa mnazi uliochacha, nikaambiwa asali."

Watu wakacheka. Kadzo hakucheka.

"Mwanangu," baba yake akasema, "tunywe?"

Kadzo alilitamani jina lile, kuitwa mke wa Karisa. Akaona pia kitanda chenye mto mmoja, na Ijumaa za posta zisizo na mwisho.

"Mwandikieni kwanza. Muulizeni anarudi lini."

Wakaandika. Masika ikapita, vuli ikapita, barua haikuja. Siku mposaji mwingine alipopiga hodi, baba aliitoa ile chupa.

"Tunywe, mama, ama tuirudishe?"

Kadzo akafungua kifuniko, akanusa. Kisha akakifunga.

"Tamu jina lake chungu kidogo, baba," akasema taratibu. "Mwandikieni tena."

Baba yake akaiweka tena chupa kabatini, akatafuta kalamu.