Mfua Pingu na Mguu Wake

Mfua pingu na apime kwa mguu wake. Methali hiyo mmeisikia leo mkacheka, kisha mnaniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni. Chanzo chake ni Uingereza, zama Waingereza walipokuwa wakiwapeleka wafungwa wao Australia kwa meli.

Palikuwa na mhunzi, Jethro Pask, aliyezifulia meli hizo pingu za miguu. Alikuwa mwepesi wa mkono, na kwa hilo alijivuna kupita kiasi. Mkewe, Dorcas, alikuwa akimwambia, "Mume wangu, hii ina makali kwa ndani. Ipige tupa kidogo."

"Atakayeivaa ni mwizi," Jethro hujibu, "si bwana harusi."

Ya Mungu mengi. Mwaka huohuo Jethro akakamatwa kwa kuiba kondoo wa jirani, akahukumiwa miaka saba ng'ambo. Mwezi wa pili baharini kifundo chake cha mguu kilivimba ndani ya pingu, kikatoa usaha. Daktari wa meli akasema mguu utakatwa. Jethro aliigeuza pingu apate kujua amlaani nani, akaona alama ya nyundo yake mwenyewe. Aliona haya kuliko alivyoumwa.

"Bwana daktari, naomba tupa."

"Tupa nimpe mfungwa? Ukate pingu utoroke?"

"Nitorokee wapi, bwana? Nje ni maji matupu. Nataka kulainisha ndani tu. Uvimbe usipopungua kwa siku tatu, kata."

Daktari naye hakuupenda msumeno. Akaifungua ile pingu, akampa tupa, akaketi juu ya pipa na bastola mapajani, kwa maana nahodha alitaka irudishwe mguuni kabla ya jua kuzama. Jethro akasugua chuma mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya kwanza, hakuna nafuu. Ya pili, mguu ni uleule, na Jethro hakula. Asubuhi ya tatu daktari aliubonyeza, akaubonyeza tena, akacheka.

"Mguu wako huo. Kaa nao."

Jethro alilia kwa furaha bila kujificha. Mfungwa aliyekuwa kando yake akanyoosha mguu wake, "Na mimi, ndugu yangu." Basi tupa haikupumzika mpaka walipofika, na hakuna aliyekatwa mguu.

Jethro alishuka Australia kwa miguu yake miwili, akapewa kazi ileile ya uhunzi. Kila mwanagenzi aliyemjia, kabla hajashika nyundo, alimwambia: mfua pingu na apime kwa mguu wake.