Msasa na Ncha ya Buluu

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo hauishii kwenye homa. Hata hesabu huugua, hasa hesabu ya mtu aliyezoea kusifiwa.

Katika kiwanda kimoja cha mashine alikuwako mhandisi ambaye wenzake walimwita Bi Vipimo, kwa sababu hakunywa chai kabla ya kuitumbukizia kipimajoto. Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa kompyuta joto la ncha ya keekee inapotoboa chuma, kisha kulilinganisha na joto halisi, lililosomwa na waya mwembamba uliopitishwa ndani ya keekee yenyewe. Alikuwa amewaahidi wakuu kwamba keekee zingeweza kuzungushwa kwa kasi zaidi bila kuungua. Wakiridhika, angekabidhiwa maabara nzima, na alikuwa akiitamani maabara hiyo kupita kiasi.

Mwendesha mashine ya kutobolea alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Katika matundu mafupi, kompyuta na waya viliafikiana kama chanda na pete. Tundu lilipozidi kina, taka za chuma zilisongamana ndani, na waya ukasoma joto kubwa kuliko makadirio. Bi Vipimo akaufuta usomaji huo.

"Waya umelegea," alisema.

Shemeji yake akaichomoa keekee. Ncha ilikuwa imegeuka buluu, rangi ambayo fundi yeyote akiiona hujua kwamba chuma kimeungua.

"Na hii nayo imelegea, shemeji?"

"Wewe nawe, kwa maneno hujambo! Kesho wageni wanakuja. Hesabu nitairekebisha baadaye."

Shemeji alipokwenda kunawa, Bi Vipimo alichukua msasa laini akaisugua ncha ile mpaka ikang'aa kama mpya. Moyo ulimsuta. Akairudisha keekee kwenye mashine hata hivyo.

Asubuhi wageni walifika na wakuu, kila mmoja na kofia ngumu isiyomwenea. Ili waone vizuri, Bi Vipimo aliomba kioo cha kinga kifunguliwe.

"Ile hesabu umeirekebisha?" shemeji yake alimnong'oneza.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Washa."

Mwendesha mashine alisita. Lakini ncha iling'aa, akadhani keekee imebadilishwa; tena mtu hamwaibishi shemeji yake mbele ya wageni, akawasha.

Tundu fupi lilipita salama, makofi yakapigwa. Lililofuata lilikuwa refu. Keekee ilipiga kelele kali, ikakatika, na kipande kikaruka kikamchana mwendesha mashine mkono wa kulia. Wageni walitawanyika, kofia zikabaki sakafuni.

Hospitalini, daktari alisema mishipa imekatika na vidole viwili havitakunjika tena. Dada yake Bi Vipimo alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, shati la mumewe lenye damu mapajani.

"Wanasema keekee ilikuwa mbovu," alisema. "Wewe ndiye unayezipima, mdogo wangu. Hukuona dalili yoyote?"

Bi Vipimo angeweza kuusingizia waya. Wakuu alikwisha kuwaambia hivyo. Lakini macho ya dada yake hayakubanduka usoni pake.

"Niliiona, dada. Niliisugua kwa msasa."

Dada yake hakumtukana. Alilikunja lile shati taratibu, akainuka, akaenda kukaa benchi jingine.

Hakuna aliyezikwa siku ile, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.