Kwa Nini Baiskeli Hulala Kwenye Kona

Mnaiona baiskeli ikilala kwenye kona, mnadhani iliumbwa hivyo. Haikuumbwa hivyo. Hapo kale baiskeli ilisimama wima kama nguzo. Barabara iliyonyooka haikuisumbua hata kidogo, lakini kona ilikuwa adui yake. Mtu akigeuza usukani kulia, gurudumu lilikwenda kulia, naye akatupwa kushoto, yeye na mzigo wake.

Katika kijiji cha Magembe watu walikuwa wakishuka kwenye kona, wanaikokota baiskeli, kisha wanapanda tena. Ilikuwa kero tu, hakuna aliyeumia. Mambo yaliharibika alipotawala Mtemi Kishosha. Huyo aliwalimisha watu barabara mpya izunguke ua wake, ili kila apitaye amwone ameketi kitini, upande wa kulia, kwenye kona yenyewe. Akapiga marufuku kushuka. Apitaye akae wima juu ya baiskeli, alisema, na amgeuzie gurudumu la mbele kwa heshima. Waliotii waliangukia mtaroni penye miiba, na Mtemi na watu wake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Milembe alikuwa mfinyanzi, na mumewe Lufunga ndiye aliyempelekea vyungu sokoni. Siku moja Lufunga alifika kwenye kona ile, akamgeuzia Mtemi gurudumu kama ilivyoamriwa. Vyungu vikapasuka vyote, na mguu wake ukavunjika. Milembe alipofika mbio alimkuta mumewe angali amelala miibani. Hakuna aliyemnyooshea mkono.

"Mlevi huyo," alisema Mtemi. "Mwondoeni hapa."

Lufunga hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na kijiji kizima kilijua. Milembe akawatazama majirani waliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine; wakainamisha macho. Hilo lilimchoma kuliko hata kicheko. Mtu anavunjika mguu kwa kutii, kisha anatukanwa, na wanaomfahamu wanatazama vidole vyao vya miguu!

Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na mganga wa mifupa aliishi ng'ambo ya kona ileile. Milembe akamkalisha mumewe kwenye keria, akamfunga kiunoni mwake kwa khanga.

"Mke wangu, tupite porini," Lufunga alimsihi.

"Porini, kama wanyama? Barabara hii tuliilima kwa mikono yetu!"

Akakanyaga pedali. Alipoikaribia kona alimwona Mtemi kitini, na watu wake wameshaanza kutabasamu. Hasira ikampanda. Amgeuzie huyu gurudumu? Huyu? Badala ya kulia, akausukuma usukani kushoto, kama mtu anavyogeuza uso asimwone asiyestahili salamu.

Hapo baiskeli ikafanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya. Gurudumu lilipokwenda kushoto, mwili wake wote, pamoja na Milembe na Lufunga, ukalala kulia. Lufunga akapiga ukelele. Lakini hawakuanguka. Gurudumu lenyewe likageuka taratibu kuufuata upande ule ulikolala mwili, na baiskeli ikaizunguka kona imeinama, bila hata kuyumba.

Mtemi akaruka kwa furaha. "Mmeona? Leo ameniinamia!"

Milembe hakusimama, ila sauti yake iliwafikia wote. "Sikukuinamia wewe! Nimekunyima salamu, na kona ikanipa njia!"

Siku zilizofuata kila mwenye baiskeli alimnyima Mtemi gurudumu, na hakuna aliyeanguka. Watumishi walitaka kuwakamata, lakini kwa kosa gani, na kila mmoja anapita ameinama? Mwishowe Mtemi akachoka, akakihamishia kiti chake ndani ya ua. Lufunga alipona, ingawa aliendelea kuchechemea, na Milembe hakumsamehe Mtemi hadi anaingia kaburini.

Na tangu siku hiyo, baiskeli haikati kona ya kulia bila kwanza kugeuka kushoto, wala ya kushoto bila kuanzia kulia. Hugeuka kidogo mno, hata mwendeshaji mwenyewe atakukatalia. Kisha hulala, ndipo ipite. Na huko Magembe, aliye kwenye kona hamsalimu mtu, awe nani awaye, na hakuna anayethubutu kumwita mkosa adabu.