Chui na Madoa ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kuwasengenya, Pimbi aliishi kwenye miamba akifinyanga bakuli na kutia vitambaa rangi. Alikuwa fundi, ila kazi ilimchosha. Kila bakuli ilifanana na ya jana.

Siku moja akapita kwa Bi Kanga, yule ndege mchoraji. Bi Kanga alikuwa akiutia ukuta wake madoa ya chokaa kwa ncha ya unyoya, to, to, to. Mengi chini, machache juu, kama mvua inayoanza. Pimbi alisimama kutazama mpaka miguu ikamfa ganzi.

"Shoga, mbona umeganda?" aliuliza Bi Kanga.

"Naomba ruhusa yako. Madoa hayo nataka niyajaribu kwenye udongo na kwenye vitambaa."

"Jaribu. Ila usinakili ukuta wangu. Fanya cha kwako, na ukiulizwa, sema ulikoanzia."

Pimbi akarudi mbio. Bakuli mbichi akazidonoa kwa mwiba. Akachonga kipande cha muhogo, akakichovya rangi, akavipiga vitambaa chapa, chap, chap. Sokoni wakamzunguka, na kila aliyemsifu alimjibu, "Nilianzia kwa Bi Kanga." Jioni alikuwa akiimba jikoni peke yake.

Chui akasikia habari. Akaja, akabeba kila kitu.

"Nani asiyejua kwamba madoa ni yangu?" alinguruma.

Lakini akili ya Pimbi haikulala. "Kweli, Bwana Chui. Lakini wengine hawajui. Kesho ungetangaza sokoni, ili nisije nikakukosea tena."

Chui alipenda sana kusikilizwa, akakubali. Alipoondoka tu, Pimbi akaenda kwa Mama Fisi, aliyekuwa na watoto wengi wenye njaa, akamwomba asikose soko la kesho.

Kesho yake Chui akapanda juu ya jiwe. "Kila chenye madoa ni changu!"

"Na mwenye madoa je?" aliuliza Pimbi kwa adabu.

"Naye ni wangu!"

Mama Fisi akawageukia wanawe, wote madoa tupu. "Mmesikia wenyewe. Twendeni nyumbani kwetu."

Wakaenda. Puruu, wakaingia kwa Chui. Nyama iliyokuwa ikikaushwa ikaliwa, na mifupa yake pia. Mto wa kulalia ukatafunwa. Chui akifoka, wanamjibu, "Shikamoo, baba," kisha wanauliza chakula cha usiku ni nini.

Asubuhi Chui alibisha kwa Pimbi, bakuli na vitambaa mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Vitu vyako hivi hapa. Waambie watu madoa si yangu."

"Mimi sauti yangu ndogo, Bwana Chui. Tangaza mwenyewe."

Chui akapanda tena juu ya jiwe sokoni. "Madoa si yangu," alisema.

"Hatusikii huku nyuma," alisema Mama Fisi, akijifuta mdomo.

"Madoa si yangu!"

Ndipo Mama Fisi akawakusanya wanawe wakarudi kwao, wameshiba vizuri, na Pimbi akapanga bakuli zake juani.

Basi wanangu, ukipenda kazi ya mwenzako, mwombe ujifunze kwake, wala usijifanye ndiye mwenye kazi hiyo.